Karo ni Uwekezaji, Msimwambie Mama Achieng

Nimepata 11 kwa 30 kwa CAT ya kwanza ya uchumi, ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula. Sio kwa hesabu ngumu, ni kwa swali la samaki. Mimi mwenye nimeoa muuza samaki, nalala kwa nyumba inanukia omena miaka kumi na mbili, shati langu la kanisa linanukia omena, halafu mwalimu, kijana wa juzi mwenye suruali imembana hadi anatembea kama mtu anavuka mtaro ananiandikia na kalamu nyekundu ati "hujaelewa".

Wacha nianzie mbali kidogo. Mimi ni mtu wa hadwea, hapa tu Kisumu, karibu na soko la Kibuye. Nauza misumari, simiti, mabati, mabomba, elbo, koki, hiyo tepu nyeupe ya kuzungusha kwa bomba isivuje, yote. Sasa bosi akasema anafungua branchi nyingine Mamboleo na mwenye atapewa kusimamia ni mwenye ako na diploma. Ndio nikajiandikisha masomo ya jioni, na nilivyoambiwa kuna somo la uchumi nikasema hiyo ni yangu, mimi uchumi ndio naishi nao, kumbe kuna uchumi wa kuishi nao na kuna ule wa kuchora.

Shida ni karo. Nusu ya kwanza elfu kumi na nane, na mimi hiyo pesa sikuwa nayo. Mwenye alikuwa nayo ni bibi yangu, Mama Achieng, zamu yake ya chama ilikuwa imefika na alikuwa ametangaza tangu Januari hiyo ni ya friza. Friza ya kuweka samaki wa biashara, hata sio mpya, kuna jamaa anauza ya mkono wa pili Kondele, juu ngege, yani tilapia, ikifika jioni haijanunuliwa unaiuza bei ya kulia ama unaikaanga uombe Mungu. Nilikaa na yeye usiku mbili nikimwimbia neno moja. Uwekezaji. Mama Achieng, karo sio matumizi, karo ni uwekezaji. Friza stima ikipotea ni sanduku tu, lakini elimu haiozi. Hadi nikaweka mkono kifuani. Akatoa. Alinihesabia noti moja moja akiniangalia usoni kama muuguzi anapea mgonjwa dawa na hana uhakika ni ya ugonjwa huo.

Wiki ya tatu, omera, wiki ya tatu tu, mwalimu akaandika kwa ubao: pato la taifa ni C jumlisha I jumlisha G jumlisha X toa M. Matumizi ya watu, uwekezaji, serikali, tunachouza nje, toa tunachonunua nje. Mimi nikainua mkono, nikitaka tu wale watoto wajue kuna mtu mzima darasani, nikauliza mwalimu, karo yenye tumelipa hapa iko kwa I, si ndio? Akasema hapana mzee. Karo ya familia inahesabiwa kwa C. Matumizi. Kikapu kimoja na soda, na kunyolewa, na bia. Na friza, nikauliza, na sauti ilikuwa imeanza kupotea. Akasema inategemea, ya nyumbani ni C, lakini ikiwa ni ya biashara, labda mtu anauza samaki, hiyo ni I. Huo ni uwekezaji kabisa.

Nani alimwambia ataje samaki? Kuna mifano ngapi duniani?

Nikaandika kwa daftari kwa herufi ndogo sana na nikaenda nyumbani na miguu juu sikutaka kufika haraka.

Basi tangu siku hiyo ninaishi kama mtu amebeba yai mfukoni. Na ungedhani ningenyamaza, lakini ugonjwa wa kusoma ukiwa mkubwa ni kwamba ukijua kitu kimoja lazima umwambie mtu. Siku moja Mama Achieng anasonga ugali, mimi nimekaa, nikamwambia bila kuulizwa, unajua hii kazi yote unafanya hapa nyumbani haihesabiwi kwa GDP, yani hilo pato la taifa? Kupika, kufua, kuosha watoto, hakuna. Pesa isipobadilisha mikono kwa vitabu vya serikali hiyo kazi haikufanyika. Mwiko ukasimama. Akauliza, haikufanyika? Nikasema ndio venye wanahesabu dunia nzima, sio mimi. Akasema sawa. Akapakua ya watoto, akapakua yake, akaosha sufuria. Mimi nikaenda pale hoteli ya stegi nikala ugali matumbo 150, na hivyo ndivyo jioni hiyo pato la taifa la Kenya lilipanda kwa shilingi 150 na hakuna hata mtu mmoja alinishukuru.

Sasa hilo swali la samaki. Liliuliza kwa nini M inatolewa. Mimi nikajaza kurasa mbili, na nilikuwa na mwandiko mzuri siku hiyo. Nikaeleza ziwa liko hapo, ukisimama juu ya gorofa unaliona, na bado pale sokoni kuna samaki wa kugandishwa ametoka China, ameruka bahari na milima na mlango wa Dunga, ufuo wetu wa samaki, amekuja kuuzwa kwa Mjaluo, bei chini, na wenye wanamuuza wako na friza (hapo niliandika polepole, roho iliniuma), kwa hivyo M inatolewa juu inaumiza watu. Alama mbili. Jibu lenye alitaka ni mstari mmoja: mama wa Nyalenda akinunua huyo samaki wa China tayari amehesabiwa ndani ya C, na hakuvuliwa Kenya, kwa hivyo M inamtoa tu tusijisifu na jasho la mwingine. Sio adhabu, ni kusawazisha kitabu. Haya. Lakini hata yangu si ilikuwa na ukweli? Angenipa hata tano za huruma.

Na hao watoto. Niko na watoto wa miaka kumi na tisa, mmoja ananiita uncle, ananielekeza kwa upole sana, "uncle, mstari wa bei ni huu umesimama." Huyo hajawahi kulipa nyumba. Hajawahi kutuma pesa ya matanga. Anapata 27 kwa 30 kwa somo la mfumuko wa bei na unga ananunuliwa na mamake.

Kuna kitu nilipenda lakini, nikubali. Mwalimu alisema mwezi wa tisa 2014 serikali ilibadilisha mwaka wa msingi wa kuhesabu, ule mwaka wenye wanalinganisha nao, wakatoka 2001 wakaenda 2009, wakaingiza biashara zenye hazikuwa zinaonekana vizuri, na uchumi wa Kenya ukapatikana ni mkubwa kwa asilimia 25 kuliko walivyodhani, na papo hapo tukawa nchi ya kipato cha kati, kile cha chini lakini cha kati. Mimi 2014 nilikuwa nasukuma mkokoteni wa simiti. Yani nililala maskini nikaamka mtu wa kipato cha kati, na hakuna mtu aliniambia, nikaendelea kusukuma. Ningejua hata ningevaa viatu.

Kazini nako hakuna amani. Walijua nasoma uchumi, basi nimekuwa redio. Juzi kuna mzee mteja, mtu wa heshima, akasikia kwa habari mfumuko wa bei umeshuka, akaja na mkokoteni wake tayari kubeba simiti kwa bei mpya. Nikamwambia mzee, bei haijashuka. Akasema wamesema imeshuka. Nikasema mzee wangu, ule mfumuko ndio umeshuka, maana yake bei bado inapanda ila sasa inapanda polepole, ni kama matatu ilikuwa inakimbia mia na ishirini ikapunguza hadi sitini, haijarudi stegi, bado inaenda. Benki Kuu hata haitaki irudi, wao lengo yao ni asilimia 5, ikizidi ama ikipungua kwa 2.5 bado wako sawa. Mzee akaniangalia muda mrefu. Akauliza, kwa hivyo wewe umelipa pesa ndio ufundishwe kusema hivyo? Akaenda kununua kwa jirani. Bei ileile! Lakini jirani hakumweleza.

Mamangu naye hupiga simu kutoka Ugunja. Swali ni moja. "Nyathina, wewe mwenye unasoma, sukari itashuka lini?"

Halafu kuna kizidishi cha Keynes, huyo mwanauchumi Muingereza wa kitabu cha 1936, mtu mzuri, nadhani alikuwa na madeni. Anasema ukipata shilingi unatumia sehemu unaweka sehemu, na ile unatumia inakuwa mshahara wa mwingine, naye anatumia sehemu, hivyo hivyo hadi iishe. Kama watu wanatumia senti 80 kwa kila shilingi mpya basi chukua 1 gawa kwa 0.2 unapata 5, serikali ikitoa mia uchumi unapata mia tano. Tamu sana. Mwalimu akasema kila mtu apige yake. Wale watoto wakaandika 0.7, 0.6, waongo, wote wako na mkopo wa simu. Mimi nikapiga kwa ukweli wa Mungu. Nikipata mia natumia mia, na kwa furaha ya kupata mia nakopa ishirini juu yake. Hiyo ni 1.2. Moja toa 1.2 ni hasi 0.2, moja gawa kwa hiyo, hasi 5. Nikamwonyesha. Akakaa chini. Akasema mzee, kulingana na hii, ukilipwa mia uchumi wa Kisumu unapoteza mia tano. Darasa zima likacheka na mimi nikacheka, lakini usiku nikifikiria, hebu angalia barabara ya kwetu, angalia mtaro, inaweza kuwa ni mimi kweli.

Shemeji yangu ndiye peke yake uchumi umemfaa. Amekaa kwangu tangu Krismasi, ndugu wa Mama Achieng, kiti ya karibu na dirisha imeshika umbo lake. Nilisoma ile mambo ya ajira nikidhani sasa nimempata. Kumbe ili uhesabiwe huna kazi, lazima uwe unatafuta kazi. Yeye hatafuti. Kwa hivyo hayuko kwa wasio na kazi, hayuko kwa wenye kazi, hayuko kabisa, ako nje ya hesabu akila ndani ya nyumba. Na siku alisaidia jirani kubeba godoro saa moja akapewa mia, hiyo wiki alikuwa ameajiriwa kama mimi tu. Nikafanya kosa la kumweleza. Alifurahi yawa! Akamwambia dadake, unaona, hata chuo kinasema mimi sina shida ya ajira.

Siku moja tu niling'ara. Mwalimu alituambia kuna jamaa wa New Zealand, Bill Phillips, alikuwa fundi kwanza kabla ya uchumi, mwaka 1949 huko London akatengeneza mashine refu kuliko mtu, tanki na mabomba ya plastiki na vali, maji ya rangi yanazunguka ndani kuonyesha pesa ya nchi inapita wapi. Kodi inatoka huku, akiba inatoka hapa, manunuzi ya nje yanatoka kule, yote inaitwa mivujo, halafu uwekezaji na serikali na mauzo ya nje ni maji yanaongezwa. Ndugu zangu, nilisimama. Hiyo naijua! Nikamwambia mwalimu, hapo kwa akiba alitumia vali gani, juu kama ni hizi za plastiki zinavuja miezi sita. Mwalimu akasema kweli, zile mashine zilikuwa na sifa ya kuvuja. Nikasema alikosa tepu. Nikamweleza darasa zima namna ya kuzungusha tepu, unafuata njia ya kufunga sio kinyume, mara kumi na tano, dakika ishirini tumeacha Keynes, hata yule wa 27 alikuwa anaandika. Sijawahi kujisikia msomi namna hiyo.

Kwa CAT, swali la mashine halikuja.

Ya pili ni kesho, pesa na benki, na ndio nilikuwa nasoma saa hii kabla stima ipotee, sasa nawaandikia hapa na simu iko asilimia 14. Achieng amewasha mshumaa mezani anafanya homuwaki, Mama Achieng ako kwa jiko anapindua ngege zenye hazikununuliwa leo, nne, shemeji ako kiti yake. Kuna utulivu. Mtoto aliishiwa na karatasi akaniomba na mimi bila kufikiria nikampa daftari langu, nikasema andika kule nyuma.

Mtoto wa mtu hakuanza nyuma.

"Mama," nasikia, na anasoma kwa ile sauti ya kusoma mbele ya darasa, "baba ameandika orodha. C. Chakula, nguo, nywele, soda, bia, karo."

Mafuta yanalia kwa karai. Shemeji amekaa wima, mara ya kwanza tangu Krismasi.

"Baba Achieng."

"Naam."

"Achieng, hebu pindua karatasi, mamangu. Friza iko kwa gani?"