Treni imefika Dodoma, mgeni analala wapi?

Tangu treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, Julai 2024, ukitaja kasoro yake unaambiwa unapinga maendeleo. Nami naikubali treni hii. Basi lilichukua muda wa saa nane au zaidi. Sasa safari ni ya saa tatu na nusu hivi, kwa nauli iliyoanzia shilingi 31,000 daraja la kawaida. Wanaoisifu wana haki. Ila wenye biashara ndogo njiani nao wana hoja, na haijasikilizwa ipasavyo.

Aliyepita Dumila kwa basi, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, anajua. Dereva akipunguza mwendo tu, akina mama wanakimbia na mabeseni, mahindi ya kuchoma yananyooshwa mpaka dirishani, chenji inarushwa basi likishaondoka. Gairo na Kibaigwa ni hivyo hivyo. Hata pale abiria waliposhuka kuchimba dawa, kulikuwa na mtu anauza maji na karanga. Madirisha ya SGR hayafunguki, na reli yenyewe haifiki huko: kutoka Morogoro inashika njia ya Kilosa, Kidete na Gulwe.

Kinachonisumbua zaidi ni usiku. Zamani mtu wa Dar akiitwa kikao Dodoma, lazima alale. Gesti inapata, mama ntilie anapata, muuza chipsi anapata, na asubuhi bodaboda naye anapata. Leo anapanda treni alfajiri, anamaliza kikao, jioni yuko kwake. Yeye ameokoa pesa, na ni haki yake. Lakini ule usiku mmoja ndio uliokuwa unagawanya pesa ya mgeni kwa watu wengi, wakiwemo wasiokanyaga stesheni maisha yao yote. Idadi ya abiria inaweza kupanda kila mwezi huku vyumba vikibaki wazi, na hesabu ya tiketi pekee haitaonyesha hilo.

Dawa yake ni kumpa mgeni sababu ya kulala. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, iko kaskazini mwa Dodoma kwenye barabara ya Babati. Huwezi kuitazama kwa utulivu ukiwa unawahi treni ya jioni. Morogoro iko chini ya saa mbili kutoka Dar, na hifadhi ya wanyama ya Mikumi iko mbele yake kwa barabara ya Iringa. Familia isiyo na gari ikishuka pale inaanza kubishana bei na teksi, watoto wamechoka, hamu imeisha. Basi dogo lingoje treni, tiketi yake ikatwe pamoja na ya treni, lirudi kesho yake. Na Kilosa, treni inaposimama, meza za wauzaji ziwekwe ndani ya uzio, abiria wanaposhukia.