Pointi 3,951 za Caitlin Clark zina uzito gani?

Caitlin Clark, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, aliagana na Chuo Kikuu cha Iowa Aprili 2024 akiwa na pointi 3,951, nyingi kuliko za mchezaji mwingine yeyote wa daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, wa kike au wa kiume. Mashabiki wake wanasema hajapata kutokea wa mfano wake vyuoni. Wanaompinga wana hoja mbili: rekodi imebebwa na zama alizochezea, na aliondoka bila ubingwa wa taifa hata mmoja.

Hoja ya zama ina nguvu kuliko wengi wanavyokubali. Lynette Woodard alifunga pointi 3,649 akiwa Chuo Kikuu cha Kansas kati ya 1977 na 1981. Wakati huo mpira wa kikapu wa wanawake ulikuwa chini ya chama kingine, AIAW. NCAA ilianzisha ubingwa wake wa wanawake msimu wa 1981-82, Woodard akiwa ameshamaliza, na pointi zake hazikuingizwa katika vitabu vya rekodi vya NCAA. Ndiyo maana Februari 15, 2024, Clark alipompita Kelsey Plum, aliyeshikilia rekodi ya NCAA kwa pointi 3,527, ilitangazwa kuwa rekodi ya wanawake imevunjwa. Woodard alipitwa siku 13 baadaye, ugenini Minnesota.

Woodard alicheza mechi 139. Clark naye alicheza 139, kwa hiyo ulinganisho ni rahisi. Katika pointi za Clark mna mitupo 548 ya pointi tatu, ile inayotupwa kutoka nyuma ya mstari wa mbali na kulipwa tatu badala ya mbili; Woodard hakuwa na mstari huo kabisa. Ukihesabu kila mtupo huo kuwa pointi mbili, Clark anabaki na 3,403, yaani pungufu ya Woodard kwa 246. Isitoshe, Woodard alitumia mpira wa saizi ya wanaume, wenye mzingo wa karibu sentimita 75. Mpira mdogo, wa sentimita 72 hivi, uliingia vyuoni msimu wa 1984-85. Sentimita tatu zinaonekana kidogo kwenye karatasi, lakini mkononi vidole haviuzungushi vizuri na mtupo wa mbali unadai nguvu nyingi zaidi za miguu.

Kwa Pete Maravich, mwenye rekodi ya wanaume, pengo ni kubwa zaidi. Pointi zake 3,667 alizipata LSU (Chuo Kikuu cha Louisiana State) katika mechi 83 tu, kwa misimu mitatu, kwa kuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa. Wastani wake ni 44.2 kwa mechi. Wa Clark ni 28.4.

Hata hivyo hesabu ile ya kupunguza pointi ina kasoro. Mchezaji asiyelipwa chochote cha ziada kwa kutupa kutoka mita nane hatupi kutoka mita nane. Ataingia ndani kutafuta mitupo ya karibu na mitupo huru. Tena umbali ule haukumfaidi Clark peke yake. Mstari wa wanawake vyuoni uko mita 6.75 kutoka ringini tangu msimu wa 2021-22. Clark alikuwa akitupa mita mbili au tatu nyuma yake, hivyo mlinzi alilazimika kumpokea karibu na katikati ya uwanja. Mwenzake akija kuweka kizuizi huko juu, walinzi wawili wanamrukia mwenye mpira, na pasi moja ikiwapita, wanne wa Iowa wanabaki na watatu. Monika Czinano, senta wa timu hadi 2023, alifunga mitupo mingi ya chini ya ringi kwa njia hiyo. Msimu wa 2023-24 Clark aliongoza nchi nzima kwa pointi, 31.6 kwa mechi, na kwa asisti pia, yaani pasi zinazozaa pointi, 8.9. Kwangu asisti zile zina uzito kuliko jumla ya pointi.

Mfumo huo ulikuwa na gharama. Alipoteza mpira mara 4.7 kwa mechi msimu ule. Na mtupo wa mbali ukigoma, timu nzima inakwama: Novemba 2023 Kansas State walishinda 65-58, Clark akiingiza mitupo 9 kati ya 32, na 2 tu kati ya 16 ya pointi tatu.

Suala la ubingwa silichukulii kwa uzito huohuo. Iowa walishindwa fainali mbili mfululizo, 102-85 na LSU mwaka 2023, kisha 87-75 na South Carolina mwaka 2024. Tazama hiyo ya pili. Clark alifunga 18 robo ya kwanza. Kisha South Carolina wakampa Raven Johnson kazi ya kumganda, na robo tatu zilizobaki Clark akapata 12. Lakini ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa, South Carolina walipata 51 kwa 29, na benchi la South Carolina lilifunga pointi 37 dhidi ya sifuri ya Iowa. Pointi gadi, mchezaji anayeongoza mashambulizi kama Clark, hawezi kuziba pengo la namna hiyo, hata angetupa vizuri vipi.

Kama nataka ushahidi mmoja wa ukubwa wake, naiacha jumla ya 3,951 na kuchukua nusu fainali ya 2023. South Carolina walifika na ushindi 36 bila kushindwa hata mara moja msimu huo. Iowa walijaza watu chini ya ringi na kuwaachia wachezaji wa nje wa South Carolina watupe kutoka mbali. Walikosa 16 kati ya 20. Upande wa pili Clark alifunga 41 na kutoa asisti 8, na Iowa wakashinda 77-73.