Shaba ya Katanga: ya matope au ya milima?

Kutoka Luanshya na Kitwe nchini Zambia, kupitia Lubumbashi na Likasi hadi Kolwezi katika Katanga, kusini mwa Kongo (DRC), kuna ukanda wa miamba wenye zaidi ya tani milioni 100 za shaba, pamoja na sehemu kubwa ya kobalti inayochimbwa duniani. Mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet, aliyezunguka huko mwaka 1892, ndiye anayenasibishwa na usemi kwamba Katanga ni "kashfa ya kijiolojia". Usemi huo umerudiwa mno, nami siupendi. Unaufanya utajiri ule uonekane bahati nasibu, kana kwamba ulidondoka tu pale bila sababu. Wala Cornet hakuwa wa kwanza kuuona. Mafundi wa Katanga walikuwa wakiyeyusha malakaiti, jiwe la kijani lenye shaba, na kuimimina kuwa misalaba ya shaba karne nyingi kabla yake, na katika karne ya 19 Msiri, aliyetokea Unyamwezi, alijenga dola yake Bunkeya kwa biashara ya shaba hiyo hiyo na pembe za ndovu. Mahali ilipo palijulikana. Kinachowagawa wanajiolojia kwa karibu miaka mia sasa ni wakati ilipofika pale, na njia iliyopitia.

Tuanze na ardhi yenyewe. Chini kabisa kuna miamba mikongwe. Sehemu ya miamba hiyo ni granaiti ya Nchanga, yenye umri wa takriban miaka milioni 880. Mashapo ya Katanga yamelala juu ya granaiti hiyo, kwa hiyo ni machanga kuliko yenyewe. Bara kuu la Rodinia lilipoanza kupasuka, mabonde ya ufa yalifunguka, kama lile lililobeba Ziwa Tanganyika leo. Mito ikamwaga humo changarawe na mchanga, navyo vikawa vyekundu kwa kutu ya chuma. Kisha ikaingia bahari ya kina kifupi. Ikaacha matope meusi yenye mabaki ya viumbe vidogo, ikaacha dolomiti (mwamba wa jamii ya chokaa), na pale ilipokauka ikaacha chumvi nyingi. Fungu hili la chini huitwa Roan. Juu yake lipo fungu la Nguba, ambalo huanza na Grand Conglomérat, yaani mchanganyiko wa matope na mawe yaliyosombwa na barafu takriban miaka milioni 730 iliyopita. Juu zaidi lipo Kundelungu, nalo likianza na masalia ya barafu. Mwishowe, kati ya miaka milioni 600 na 500 hivi iliyopita, mabara yaligongana na bonde zima likabanwa na kukunjwa, likawa tao la milima liitwalo Lufilian.

Shaba iliingia katika hatua ipi?

Jibu la awali, wakati migodi mikubwa ya Zambia ilipokuwa ikifunguliwa, lilikuwa granaiti. Ilidhaniwa kwamba uji wa moto uliopanda kutoka chini ulipoa na kutoa maji yenye madini, yakaingia katika matabaka. Hoja hiyo ilivunjwa na ushahidi unaoonekana kwa macho: matabaka ya chini ya Roan yana mawe yaliyomong'onyoka kutoka katika granaiti hizo hizo. Mwamba uliokwisha kupoa na kumong'onyoka kabla ya matabaka kuwekwa hauwezi kuwa ndio uliomwagia shaba ndani yake. Hapo ndipo mwanajiolojia W. G. Garlick, aliyefanya kazi katika migodi ya Zambia, alipojenga hoja iliyotawala miaka ya 1950 na 1960: shaba iliwekwa pamoja na matope. Mito iliileta kutoka nchi kavu, na bahari yenye maji ya chini yasiyo na oksijeni ikaigeuza kuwa salfaidi, yaani madini ya metali na salfa, na kuituliza sakafuni.

Haifai kuipuuza hoja ya Garlick kwa sababu tu imezeeka. Mbale, yaani mwamba wenye madini, hufuata tabaka moja kwa kilomita nyingi, jambo ambalo mishipa ya kawaida ya madini haifanyi. Katika baadhi ya michanga, chembe za salfaidi zimejipanga kwenye mistari ya mkondo wa maji ya kale, kana kwamba zilisombwa pamoja na mchanga. Kisha kuna mpangilio wa madini. Ukitoka kwenye ufuo wa kale kuelekea kilindini unakuta kwanza kalkosaiti, yenye shaba nyingi kuliko zote, kisha bornaiti, kisha kalkopairaiti, na mwisho pairaiti, salfaidi ya chuma isiyo na shaba kabisa. Garlick alisoma hapo kina cha maji: kadiri bahari ilivyozidi kina, ndivyo shaba ilivyopungua.

Ushahidi huo huo husomeka kwa njia nyingine, na hapa ndipo mjadala unaponivutia zaidi. Maji yenye shaba yakipita ndani ya mwamba uliokwisha kuwekwa na kukuta pairaiti, shaba huchukua nafasi ya chuma. Pale yanapoingilia, maji bado yana shaba tele, na pairaiti yote hugeuka kalkosaiti. Mbele kidogo shaba imeanza kupungua, hivyo hupatikana bornaiti, kisha kalkopairaiti. Mbele zaidi maji yameishiwa, na pairaiti hubaki ilivyokuwa. Mpangilio ni ule ule, ila sasa unaonyesha upande ambao maji yalitokea na haupimi kina cha bahari. Hata chembe zilizofuata mistari ya mkondo hazimlindi Garlick, maana maji ya chini ya ardhi nayo hupenya kwa urahisi katika mistari ile ile yenye mchanga mkubwa, na salfaidi yaweza kuchukua nafasi ya chembe iliyotangulia.

Hoja iliyonitoa kabisa upande wa Garlick, hata hivyo, ni ya kiasi. Maji ya bahari ya leo yana shaba chini ya sehemu moja kwa bilioni. Kupata zaidi ya tani milioni 100 kwa njia hiyo, katika bahari ya kina kifupi, kunahitaji mazingira yasiyo ya kawaida yaliyodumu bila kubadilika. Maji ya chumvi kali ni habari nyingine. Klorini hushikamana na shaba na kuiweka majini, mradi maji hayo yana oksijeni ya kutosha na hayajakutana na salfa iliyo tayari kuidaka. Roan ilikuwa na vitu vyote hivyo: mchanga mwekundu wenye shaba kidogo kidogo, chumvi juu yake, na matope meusi ya kudakia.

Hesabu ya mkononi inasaidia. Tuseme kila tani ya mchanga mwekundu ilitoa gramu 30 za shaba. Kilomita moja ya ujazo ina takriban tani bilioni 2.5 za mwamba, kwa hiyo ingetoa tani 75,000. Kufikia tani milioni 100 tunahitaji kilomita za ujazo 1,300 hivi, na kwa bonde lenye urefu wa mamia ya kilomita hilo halishangazi. Kama kila tani ya maji ya chumvi ilibeba gramu 100, tunahitaji takriban kilomita za ujazo 1,000 za maji. Kwa mara moja ni mengi. Kwa mamilioni ya miaka ya kuzunguka yanawezekana. Hesabu hii ina udhaifu wake, nao ni kwamba upande wa Katanga kitako cha mchanga huo mwekundu hakionekani, maana matabaka yamekatika na kusukumwa juu ya chumvi iliyosagika, na hatujui unene wake wa asili. Lakini ni udhaifu mdogo kuliko ule wa bahari ya Garlick.

Kundi hili, lililo kati ya wale wa matope na wale wa milima, husema basi kwamba shaba iliingia baada ya matope kuzikwa, yakiwa yanakandamizwa na kukauka, kabla ya milima. Kwa muda ilionekana kwamba mjadala umekwisha. Kisha mwaka 2010 mwanajiolojia Richard Sillitoe na wenzake wakauliza kuhusu mishipa. Karibu kila mgodi wa ukanda huu una mishipa midogo ya kwatzi na kaboneti iliyojaa salfaidi zile zile, ikikata matabaka. Wengi walikuwa wakisema ni shaba ya zamani iliyoyeyushwa kidogo na kuhamishwa hatua chache wakati wa milima. Wao wakajibu kwamba mishipa imeenea mno, na imefungamana na chembe zilizotapakaa tabakani kiasi kwamba ni tendo moja. Mwaka 2017 waliongeza vipimo vya umri vya molibdenaiti (salfaidi ya molibdenamu) kutoka Zambia, kwa kupima jinsi reniamu inavyogeuka polepole kuwa osmiamu, na matokeo yakaangukia kipindi cha milima ya Lufilian, miaka milioni 500 na ushei iliyopita. Kwa mtazamo huu milima ndiyo iliyoyasukuma maji, na shaba ni zao la mgongano wa mabara.

Vipimo hivyo vinastahili heshima. Katika mjadala ambao kwa miongo mingi ulitegemea jicho la mtu na mwamba wake, mtu aliyeleta tarehe ameleta kitu kinachoweza kukanushwa. Hata hivyo kipimo hutoa umri wa kile kilichopimwa. Molibdenaiti iliyomo mshipani hutaja umri wa molibdenaiti hiyo, na ili umri huo uwe wa tabaka zima la shaba, lazima kwanza ukubali kwamba mshipa na tabaka ni tendo moja, jambo ambalo ndilo linalobishaniwa. Tena kuna tarehe zinazovuta upande mwingine. Salfaidi za mgodi wa Konkola, Zambia, zilitoa umri wa takriban miaka milioni 816, ingawa kipimo hicho kinaweza kukosea kwa milioni 62 kila upande, upana ambao haumruhusu mtu yeyote kutamba.

Ushahidi ninaouona mzito zaidi umo ndani ya matone madogo ya maji yaliyonaswa katika fuwele za migodi ya Kamoto, Kolwezi, na Luiswishi karibu na Lubumbashi. Matone hayo ni ya aina mbili. Moja lilinaswa katika joto la kati ya nyuzi 115 na 220 za Selsiasi, likiwa na chumvi ya wastani. La pili lilinaswa kwenye nyuzi 270 hadi 385, likiwa na chumvi ya zaidi ya asilimia 35. Joto la kwanza linafaa bonde linalozikwa, la pili linafaa milima. Nikiyaweka haya pamoja na mishipa, nasimama hapa: sehemu kubwa ya shaba ilikuwa imeshaingia kabla ya mgongano, na milima ikaichemsha upya, ikaihamisha, na mahali pengine ikaongeza nyingine. Kiasi gani ni cha nani, hilo hutofautiana mgodi kwa mgodi, na anayetaka asilimia moja kwa ukanda mzima anaomba kitu ambacho miamba haitampa. Mbale ya mgodi wa Kipushi, yenye zinki na shaba ndani ya dolomiti, ilikuja mwishoni kabisa, karibu miaka milioni 450 iliyopita, na sioni sababu ya kuiburuta kwenye ugomvi huu.

Kuna pia sura ya tatu, ambayo pande zote mbili huipita haraka. Milima ilipokwisha kulika, mvua na hewa vilishuka ndani ya mbale. Shaba ikayeyuka na kuteremka, ikawa malakaiti au kalkosaiti mpya chini. Kobalti haikusafiri mbali, ikabaki juu kama hetarojenaiti, jiwe jeusi la karibu na uso wa ardhi. Ndiyo sababu mchimbaji mdogo wa Kolwezi mwenye sururu na kamba anaweza kuifikia, na ndiyo sababu watu wengi hivyo wanaingia mashimoni kwa ajili yake. Kwa maisha ya watu, sura hii ya juu ina uzito kuliko zile mbili za chini.

Mtu atauliza mjadala huu wa kale unamfaa nini anayetafuta mbale leo. Jibu liko magharibi mwa Kolwezi. Kwa muda mrefu kanuni ya Katanga ilikuwa kwamba shaba hukaa katika tabaka maalumu za Roan, zile za migodi ya kampuni ya Union Minière na baadaye Gécamines. Ukiamini kwamba shaba ililala pamoja na matope yale, basi pasipo na matope yale hapana haja ya kuchoronga. Mbale za Kamoa, na baadaye za Kakula zilizotangazwa mwaka 2016, zimo katika Grand Conglomérat, masalia ya barafu ambayo vizazi vya wanajiolojia viliyahesabu kuwa paa tupu juu ya mbale. Shaba imejaa sehemu ya chini kabisa ya tabaka hilo, mara tu juu ya mchanga mwekundu, na ukipanda unakutana na mfuatano ule ule: kalkosaiti, bornaiti, kalkopairaiti, kisha pairaiti. Maji yalitoka chini, yakadakwa na mwamba wa kwanza wenye pairaiti ya kutosha, bila kujali tabaka hilo lina jina gani. Mgodi ulianza kutoa shaba mwaka 2021 na sasa ni miongoni mwa mikubwa duniani.

Miamba ya Kamoa ina faida nyingine kwa ugomvi huu: haikukunjwa sana kama ile ya Kolwezi, na matabaka yake yameinama kidogo tu. Kama salfaidi za pale, mbali na mishipa, zitatoa umri wa milimani, Sillitoe na wenzake watakuwa wamenibana kweli, kwa kuwa kisingizio cha shaba kuchemshwa upya kitakuwa chembamba. Zikitoa umri wa mamilioni mengi kabla ya milima, itabidi wao waeleze. Sampuli za uchorongaji zipo tayari, nyingi na ndefu. Ningependa ziwe wazi kwa watafiti wa Lubumbashi kwanza, watu wanaoweza kuendesha gari asubuhi na kurudi kwenye mwamba wenyewe pale ambapo kipimo kimeleta utata.