Kidonge changu kilivyoitiwa kikao

Sikuzimia. Nilikalia kawa, na hayo ni mambo mawili tofauti. Nasema mapema kwa sababu wifi yangu ameshatuma sauti kwenye kila kundi alilomo, na kwa simulizi lake mimi nilianguka kama mzigo, nikamwagiwa maji, nikazinduka nikiomba radhi. Na nyie mnaonitumia picha za mbuzi tangu asubuhi, tulieni. Kwenye mbuzi tutafika.

Wa siku nyingi mnaijua habari ya shingo yangu: rovu, upasuaji, tezi ikatolewa yote. Mtu asiye na tezi ya thairoidi anakunywa levothairoksini, yaani homoni ya tezi hiyo kwenye kidonge, mpaka anaingia kaburini. Kidonge alfajiri, maji matupu, tumbo tupu, halafu unakaa nusu saa mpaka saa nzima ndiyo ule. Mimi daktari alinipa saa nzima, akanionya hasa kuhusu kahawa na chai ya maziwa, maana vinaizuia dawa isiingie kwenye damu inavyotakiwa. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu ndiyo kabisa, niviweke mbali kwa saa 4.

Haya, chukua sharti hilo upeleke Tanga, kwa mama mkwe, wiki ya Iddi.

Nyumba ile watu wakitoa salamu ya swala ya alfajiri birika limeshachemka. Maziwa yanatoka kwa jirani bado ya moto wa ng'ombe. Mama mkwe wangu hajui kumpenda mtu bila kikombe.

"Mkwe wangu, chai hii."

"Ahsante mama, baadaye kidogo."

Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa, mahamri yanapoa, mbaazi zinaganda, mimi nimekaa kibarazani natazama saa ya simu. Hitimisho la kwanza la nyumba likawa mimba. Hakuna aliyeniuliza, ila jirani aliniletea embe mbichi na chumvi ya pilipili, akanikonyeza. Nilizila zote. Embe ni embe, mniache.

Mnauliza kwa nini sikusema. Mume wangu ndiye aliyesema atamweleza mama yake mwenyewe, taratibu, asije akapata presha. Akarudi zake kazini Dar bila kufungua mdomo. Utetezi wake mpaka sasa ni "nilikuwa natafuta nafasi".

Basi wifi akaingia chumbani kwangu kuazima wanja. Kwenye mkoba akakutana na karatasi ya vidonge: vidogo, vyeupe, vimetobolewa kimoja kimoja kwa mpangilio, kwa mwanamke aliyeolewa na hana mtoto. Wanja akachukua, na vidonge akachukua.

Saa kumi jioni naitwa sebuleni. Naingia, namkuta baba mkwe kwenye kiti chake, shangazi mkubwa wa mume kwenye mkeka, mjomba ambaye ni bwana mifugo mstaafu, mama, na wifi kajibana mlangoni na simu yake mkononi. Katikati, sinia limefunikwa kawa.

Nilipoliona kawa nilifurahi. Naapa nilidhani ni visheti. Nikakaa, nikajisogeza, nikapiga bismillahi kwa sauti, nikanyoosha mkono.

Mama akanyanyua kawa polepole, akaliweka pembeni yangu. Kwenye sinia lote lile, katikati, karatasi yangu ya vidonge. Peke yake. Na mkono wangu umeshafika nusu ya njia, sijui niupeleke au niurudishe. Nikajikuna goti.

"Hivi nini?"

"Dawa, mama."

"Ya nini?"

Sauti ikanikauka. "Ya shingo."

Kimya. Pangaboi linalia krii, krii. Shangazi akawageukia wenzake mmoja mmoja, kisha akanirudia. "Shingo? Tangu lini shingo ikawa na uzazi wa mpango?"

Nikaona niwaonyeshe kovu yaishe. Nikasimama, nikalegeza ushungi. Baba mkwe, mtu wa heshima zake, akapandisha macho kwenye pangaboi, na huko huko akabaki. Shangazi akasogea mpaka pumzi yake naisikia kwenye kola.

"Yarabi! Nani alitaka kukuchinja?"

Mjomba akaomba karatasi ya maelezo. Wifi, mbio, akaileta (kumbe boksi zima alikuwa nalo). Imeandikwa Kiingereza, mjomba akawa anatafsiri kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia joshoni.

"Mikrogramu 100. Yaani sehemu ya kumi ya miligramu. Hata kifaranga sijawahi kumpa kidogo hivi." Akafunua upande wa pili. "Onyo! Dawa hii isitumiwe kupunguza unene."

Akanitazama juu ya miwani. Wote wakanitazama, kuanzia kovu kushuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, hawana haraka.

"Hiyo hajaitumia," shangazi akasema.

Nikaendelea kusimama. Ningeenda wapi?

"Dalili za kuzidisha dawa. Moyo kwenda mbio. Mikono kutetemeka. Kutokwa jasho." Mama akawa ananikagua na kukunja vidole, maana dalili zote tatu nilikuwa nazo pale pale. "Kuharisha. Na... hedhi kuvurugika."

Neno hedhi, jamani. Mbele ya baba mkwe. Lilitoka na mkazo wa joshoni, likatua katikati ya sinia. Baba mkwe alikuwa anahesabu mapanga ya pangaboi midomo ikitikisika. Magoti yangu yakaachia, nikarudi nyuma, nikakaa. Kwaachu! Kawa la harusi ya mama mkwe, limekaa miaka bila kasoro, nimelikalia lote. Shangazi akaruka na kikombe chake cha maji, yakanimwagikia. Huko kuzimia mnakosikia kwenye sauti ni hapo.

Mjomba hata hakusimama kusoma. "Mjamzito asiache dawa hii, na huenda akahitaji kuongezewa kipimo."

"Rudia hapo," mama akasema.

Akarudia.

"Sasa dawa ya kuzuia mimba, mwenye mimba aambiwe asiache?"

Ndipo mjomba akaingia uwanjani mwake. Akaeleza alivyokuta mbuzi wamezaliwa na mavimbe shingoni kwa sababu mama zao walikosa madini joto. Tezi ikilegea, akasema, mbuzi jike hata mimba hashiki vizuri. "Huyu anakunywa apate kushika!" Kila akisema mbuzi, kidole kinanielekea mimi. Nilitaka kusema rovu langu halikutokana na chumvi isiyo na madini joto, lakini wifi alikuwa ameshaanza kurekodi.

Yaliyofuata ni mafupi. Mama alilia, akanikumbatia, akampigia mwanawe simu, maneno aliyompa siwezi kuyaandika. Toka hapo yeye ndiye ananiletea maji ya dawa na kulinda birika. Jirani alipopita na kikombe kabla ya saa yangu alifukuzwa. Mama huyo huyo alipendekeza niwe nakunywa viwili nishike upesi, nikakataa, kipimo changu kinafuata vipimo vya damu, na kikibadilishwa tunasubiri wiki 6 mpaka 8 ndiyo tupime tena. Shangazi naye alinivuta uani akaomba vichache vya kupunguzia kiuno. Nikamwambia karatasi alisomewa mbele ya mashahidi.

Mjomba nimemsamehe. Mwaka 1891 daktari Mwingereza, George Murray, alimtibu mwanamke ambaye tezi yake ya shingo ilikuwa imelegea kwa kumdunga maji yaliyotengenezwa na tezi ya kondoo, na mama wa watu akapata nafuu. Kwa hiyo mambo ya mifugo na shingo zetu yana undugu wa zamani. Msinicheke.

Kawa jipya nimeshaagiza, la ukili wa rangi, na bili nimeipeleka Dar kwa mtafuta nafasi. Wifi, najua unasoma hapa. Futa ile sauti. Na wanja wangu sijauona.