Mzee wa geti na hesabu zangu za waifai

Wadau mnaofunga mitandao maofisini mtanielewa, kigumu kwenye hii kazi sio waya wala ngazi, kigumu ni kumuuliza bosi "mko wangapi" afu upate jibu la kweli. Kuna ofisi moja hapa Mbeya, maeneo ya Soweto, jina lake naliacha maana bado kuna hela yangu pale, waliniita mwezi wa saba kwenye ile baridi ya kuvaa makoti mawili, wanasema waifai yao inakatakata wanataka mpya. Nikauliza mko wangapi. Bosi akasema arobaini. Nikauliza na wanafunzi wa fildi je? Akasema aah, wale hawahesabiwi.

Sawa. Watu 40, kila mtu simu na laptop, hapo tayari vifaa 80, weka printa, kamera za ukutani, tivii ya mapokezi ambayo kazi yake ni kuonyesha tamthilia za Kituruki, na hao fildi wasiohesabiwa, tunafika tisini na kitu. Bosi macho yamemtoka, akasema fundi unanizidishia ili uuze vifaa vingi, si tununue lile ruta moja kubwa lenye antena nane tumalize? Nikamwambia bosi, lile likipiga kelele simu itasikia, lakini simu nayo inatakiwa ijibu, na simu ya muhasibu wako haina antena nane. Akanyamaza kidogo, akauliza kwani kwenye boksi si wameandika 1200? Nikamwambia hiyo 1200 ni kasi ya Mbps, wamejumlisha 300 ya masafa ya 2.4 GHz na 867 ya masafa ya 5 GHz wakazungusha juu, na simu kwa kawaida haipandi yote mawili kwa mpigo, afu hata hiyo unayoipata toa nusu ndo uanze kupiga hesabu. Akaniangalia kama mimi ndo niliyeandika boksi.

Kilichomwingia akilini ni mfano wa bomba. Waifai ni bomba moja la mtaa, mnapanga foleni, anachota mmoja mmoja ila kwa haraka mpaka mnadhani mnachota wote. Sasa akija mtu na dumu la mdomo mwembamba, maji yanatoka yaleyale lakini zamu yake haiishi, na nyie wengine na ndoo zenu mnasubiri. Hilo dumu ndo simu ya zamani, au simu mpya iliyokaa mbali nyuma ya kuta tatu. Na kuta za ile ofisi sio mchezo, tofali za kuchoma nene za zamani, masafa ya 5 yakigonga pale yanarudi nyumbani kwao.

Bas tukakubaliana vifaa vitatu vya kurusha waifai badala ya vinne nilivyoomba, kila kimoja nikakihesabia watu 25 hadi 30 wanaotumia kwa wakati mmoja, masafa ya 2.4 nikayagawa chaneli 1, 6 na 11, yani kila kifaa na njia yake, yasigongane, mikutano ya video nikaweka kumi kwa mpigo kila mmoja Mbps 3, yani hesabu safi kabisa. Nikazunguka na laptop chumba hadi chumba nikitafuta sehemu ambazo mawimbi yanashuka chini ya minus 67 (kipimo cha nguvu ya mawimbi, namba ikizidi kushuka mawimbi ni dhaifu), naisogeza juu naishusha chini nanong'ona namba, mpaka dada wa usafi akatoka kwenda kuwaambia wenzake kuna mtu anafukiza ofisi bila moshi.

Ikawashwa, ikaenda vizuri. Watu wakafurahi, bosi akanilipa nusu.

Afu simu zikaanza. Sio watu wote, ni bosi peke yake. Kila akifika ofisini, na anafika saa nne si unajua mabosi, simu yake inaona waifai, pasiwedi iko sawa, lakini inazunguka tu "inatafuta anwani ya IP", yani ile namba ambayo ruta inakigawia kila kifaa kinachoingia, mpaka anakata tamaa. Waliowahi saa mbili wako poa. Nikaja nikazima nikawasha, ikakubali, kesho yake yaleyale. Bosi akaanza kusema kuna mtu hampendi humu ndani, na akataja na idara.

Siku yenyewe sasa. Bosi ana mkutano wa video na makao makuu, saa nne kamili, na ripoti ya robo mwaka anatakiwa asome yeye. Kaniita niwepo. Saa nne kasoro kumi kafika, kavua koti, kafungua laptop, inazunguka. Mi laptop yangu nilishaipa anwani ya kudumu zamani kwa hiyo nikaingia kwenye ruta kuangalia walioungwa. Waliofunga laini ya intaneti waliweka anwani kuanzia 100 mpaka 199, yani mia moja tu, ambazo kwa tisini na kitu zinatosha na chenji inabaki. Sasa naangalia orodha, mia moja zote zimeisha, na ofisini muda ule nikihesabu vichwa hawafiki thelathini maana wengine wako fildi Mbarali na wengine wanakunywa chai.

Nikaanza kusoma majina. Muhasibu, sawa. Printa, sawa. Afu naona itel, Tecno, itel, Infinix, "Mtoto wa Mafiati", "Usinipigie", "Boda Spidi", itel tena. Jamani. Nikaangalia nguvu ya mawimbi, hao wote wako minus 78, minus 80, yani hawako ndani ya jengo kabisa. Nikabeba laptop nikatoka nje nafuata mawimbi, koridoni, uani, mpaka getini.

Nje ya ukuta pale kuna kijiwe cha boda. Siku zote nawaona wanapiga stori wanaota jua. Siku hiyo kimya, kofia ngumu ziko chini, kila mtu kainamia simu, marudio ya magoli ya Yanga yanaenda bila kukwama hata kidogo, na katikati yao mzee wa geti kakaa kwenye benchi na daftari na kalamu ya wino sikioni.

Nikamwamkia, shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, karibu, lisaa jero, kutwa buku mbili.

Pasiwedi alipewa na bosi mwenyewe ili usiku atume picha za lindo kwenye grupu la WhatsApp. Nikakaa naye maana nilitaka kujua, afu mzee akanielezea biashara yake mpaka nikasahau nimekuja kufanya nini. Hachukui zaidi ya kumi na tano kwa wakati mmoja, kwa sababu wakifika ishirini video zinaanza kuzunguka na watu wanadai hela yao. Kuanzia saa tatu anashusha mpaka kumi kwa sababu ndani wamejaa, saa saba wakienda kula anapandisha. Aliyekaa kule kwenye mtaro anamwambia sogea ukutani, huko unatuchelewesha wote. Na zile simu za zamani sana hazipokei hata kwa buku tano. Akasema, "Moja tu ikiingia hiyo, mwanangu, wenzake wote wanakuwa wazito, sijui inakula nini."

Huyu mzee hajawahi kusikia neno chaneli maishani mwake. Mi hiyo hesabu nimeipata kwa programu na vitabu, yeye kaipata kwa kugombezwa na boda.

Tena hatoi pasiwedi kizembe. Anachukua simu ya mteja, anaandika mwenyewe kwa kujificha, lisaa likiisha anaichukua tena anasahaulisha mtandao. Tatizo ni kwamba simu inasahau ila ruta haisahau, ile anwani inamtunzia mteja masaa 24 hata kama keshashuka Uyole na abiria. Wateja kumi na tano kwa zamu moja, zamu kutwa nzima, ndo maana anwani zinakauka. Na kuna dogo mmoja janja, kabla lisaa lake halijaisha anaonyesha ule mraba wa kuskani kwa wenzake, hao sasa hawamo hata kwenye daftari. Nilipomwambia mzee hilo aliumia kweli, akauliza ni nani, nikasema sijui, akamwangalia Usinipigie kwa muda mrefu sana.

(Baadaye nilitenganisha mtandao wa wageni na kushusha muda wa anwani, lakini nyie subirini kwanza.)

Ndo bosi anatokea mbio, laptop imefunguka mkononi, tai imezunguka begani, anasema fundi makao makuu wameshaingia wote wananiita jina! Hajawaona boda, hajaona daftari, anaona mtu mwenye laptop tu. Kabla sijafungua mdomo mzee wa geti kapitisha kidole kwenye daftari lake, kwa upole kabisa akasema, "Bosi, leo pamejaa. Ila huyu wa Ilomba kapata abiria, anatoka sasa hivi, kaa hapo kwenye benchi."

Mi haraka haraka nikamfuta Boda Spidi kwenye ruta, laptop ya bosi ikashika hapohapo, na muda wa kurudi ndani haupo, akakaa. Ripoti ya robo mwaka kaisoma pale kati ya boda wawili, mmoja kamshikia karatasi upepo usipeperushe, mwingine kwenye kamera anaonekana kofia tu. Makao makuu wakauliza uko wapi, akasema niko kwa wadau.

Alipomaliza nikachungulia daftari la mzee. Mstari wa mwisho kaandika: namba 16, Bosi, lisaa na dakika ishirini, hajalipa.