Mtoto Hufundishwa Maneno, au Hujiokotea?

Mama wa Kisumu mwenye mtoto mchanga hupewa mashauri mawili yasiyopatana. Kliniki anaambiwa amsemeshe mtoto tangu siku ya kwanza, maneno mengi iwezekanavyo. Akifika nyumbani, nyanya anamwambia asijisumbue: mtoto ataongea siku yake ikifika, kwani yeye mwenyewe alifundishwa na nani? Nimewasikia wote wawili wakizungumza kwa uhakika uleule, na ukweli ni kwamba hata wataalamu wa lugha ya watoto bado wanavutana juu ya jambo hilihili.

Ugumu wake ulielezwa vizuri mwaka 1960 na mwanafalsafa wa Marekani, W. V. Quine. Mgeni yuko kwa watu asiojua lugha yao. Sungura anapita mbio, mwenyeji anasema "gavagai". Je, amemtaja sungura, au manyoya, au mbio, au kitoweo cha jioni? Tukio lenyewe halimwambii. Mtoto aliyefungwa mgongoni pale ufukweni Dunga, Kisumu, mama muuza samaki akiinua ngege na kumtajia mteja, yuko katika shida hiyohiyo. Jina ni la samaki, la magamba, au la bei? Lakini anaimaliza, na mapema. Elika Bergelson na Daniel Swingley walionyesha mwaka 2012 kuwa watoto wa miezi 6 hadi 9 huko Marekani tayari hugeuza macho kwenye picha ya chakula au kiungo cha mwili kinapotajwa na mzazi. Wakati huo hawajatamka neno hata moja.

Wanaosema mtoto hufundishwa huanzia kwenye macho. Mwanasaikolojia Michael Tomasello ametetea kwa miaka mingi kwamba mtoto hupata maana kwa kusoma nia ya anayesema. Jaribio ninalolipenda upande huu ni la Dare Baldwin, la mwaka 1991. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi ameshika kitu cha kuchezea, naye mtu mzima anatazama kingine na kutaja jina geni. Ingekuwa rahisi mtoto alibandike jina hilo kwenye kile alichoshika. Badala yake aliinua macho, akaona mwenzake anatazama wapi, akalipeleka jina huko. Ndiyo maana video za kufundisha maneno hazijasaidia sana: mwaka 2010 Judy DeLoache na wenzake waligundua kuwa watoto waliotazama video ya aina hiyo kwa mwezi mzima hawakujua maneno zaidi ya wenzao ambao hawakuitazama, na waliojua mengi zaidi ni wale waliofundishwa na wazazi. Anayemwachia mtoto simu yenye katuni akiamini anajifunza Kiingereza alijue hilo.

Upande wa pili unasema mtoto ana uwezo mkubwa wa kujikusanyia mwenyewe. Linda Smith na Chen Yu, mwaka 2008, waliwaonyesha watoto wa miezi 12 na 14 vitu viwili kwa mara moja huku wakisikia maneno mawili, bila kuambiwa lipi ni la kipi. Baada ya marudio, macho yao yalianza kwenda panapostahili. Kisha mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliilisha programu ya kompyuta saa 61 hivi za video kutoka kamera iliyovaliwa kichwani na mtoto mmoja wa Australia, tangu akiwa na miezi 6 hadi 25. Programu ilitambua majina ya vitu vingi alivyoviona mtoto, bila kuwekewa kanuni ya lugha kabla. Ni ushahidi mzito. Ila ni ushahidi wa vitu vinavyoonekana, kama mpira na kitanda. "Bado" na "kesho" havipigwi picha.

Hapa magharibi mwa Kenya pia kuna la kusema, kwa sababu watafiti walikuja kwetu. Robert LeVine na wenzake waliwalinganisha akina mama wa Kigusii na wa Boston, wakaona kuwa mama wa Kigusii alimbeba mtoto na kumtuliza upesi, lakini alimtazama usoni na kumsemesha kidogo kuliko mwenzake wa Marekani. Sara Harkness na Charles Super, waliokaa Kokwet miongoni mwa Wakipsigis miaka ya 1970, waliwasikia akina mama wakisema mtoto hujifunza kuongea kwa watoto wenzake. Watoto hao wote waliongea. Kama kutajiwa vitu ana kwa ana ndiyo njia pekee, Kisii nzima ingekuwa kimya.

Je, nyanya ameshinda? Si kabisa. Laura Shneidman na Susan Goldin-Meadow walichunguza kijiji cha Wamaya nchini Mexico, wakachapisha mwaka 2012 kuwa maneno ambayo watu wazima walimwelekezea mtoto ndiyo yaliyotabiri msamiati wake baadaye, na yale aliyoyasikia pembeni hayakutabiri. Lakini kwa Wamaya wengine, Watseltal, utafiti wa mwaka 2020 ulikuta mtoto akisemeshwa chini ya dakika 4 kwa saa na bado akifikia hatua za usemi kwa wakati wake.

Mimi naona ubishi huu umekwama kwenye kuhesabu maneno, na umeacha kitu tunachokifanya kila siku: kumtuma mtoto. Tazama uani katika mtaa wa Manyatta, Kisumu. Mama anapepeta omena (dagaa), mikono imejaa, anasema bila kugeuka, "Leta beseni." Mtoto anaondoka na kurudi na kikombe. "Siyo hicho, beseni." Anarudi tena, safari hii na beseni analoliburuta chini, na mama anamwaga omena humo hapohapo. Macho ya mama hayakumsaidia. Alilazimika kukumbuka, akakosea, akasahihishwa, kisha akaona kitu kinafanya kazi gani. Hata jaribio maarufu kuliko yote katika fani hii, la Susan Carey na Elsa Bartlett mwaka 1978, lilikuwa la kumtuma mtoto: mwalimu wa chekechea alimwomba alete trei ya "chromium", siyo ile ya buluu, na mtoto akakisia kuwa hilo ni jina la rangi asiyoijua. Lakini kukisia si kukumbuka. Mwaka 2008 Jessica Horst na Larissa Samuelson waliona watoto wa miaka 2 wakichagua sawasawa na kusahau baada ya dakika 5. Neno hushika mtoto akitumwa tena kesho na keshokutwa.

Ushauri mmoja wa mjini ninaupinga waziwazi: kumwondolea mtoto Kidholuo au Kiluhya ili asichanganyikiwe. Krista Byers-Heinlein na Janet Werker walionyesha mwaka 2009 kuwa mtoto wa lugha moja, akisikia neno jipya, hulibandika kwenye kitu ambacho bado hakina jina. Wa lugha mbili alifanya hivyo kidogo, na wa lugha tatu hakufanya. Wapo watakaosema huo ni upungufu. Kwangu huyo mtoto ameielewa nyumba yake: kuku anaweza pia kuwa gweno kwa Kidholuo, na hakuna aliyekosea.

Kwa hiyo muuguzi anapouliza "Anasema maneno mangapi?" ningependa aongeze swali: "Unamtuma nini, na analeta?" Kufikia miezi 18 hutarajiwa mtoto afuate agizo fupi bila kuonyeshwa kwa mkono, na katika nyumba ambamo mtoto husifiwa kwa kutii kuliko kwa kuongea, swali la kwanza peke yake litamwonyesha kama aliyechelewa. Swali hilo la kutuma aulizwe pia dada mkubwa au yaya anayeshinda naye, kwa lugha wanayoitumia. Mtoto asipoleta chochote akitumwa na mtu aliye nyuma yake, apimwe masikio kwanza.