Adui akiitisha kikao, kwangu amekwisha

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulikuwa na lugha yetu. Mhusika mkuu aliitwa stelingi, na stelingi hafi. Waliobaki wote walikuwa maadui, na juu yao alikuwepo adui mmoja mliyemsubiri mpaka karibu na mwisho, yule ambaye akitokea tu mlangoni banda zima linanyamaza, hata muuza karanga anasimama alipo. Huyo ndiye aliyeleta watu. Kwamba stelingi atashinda tulishajua tangu nje, kwenye kibao cha matangazo. Hela yetu tulitoa tukaone atamshindaje yule.

Ndiyo maana nina ugomvi wa miaka mingi na sinema zinazomchukua adui wa namna hiyo halafu zinamtafutia washirika.

Mfano wangu mkubwa ni Bane, mmoja wa maadui wa Batman, kwa sababu yeye kafanyiwa hivyo mara mbili. Alizaliwa kwenye vitabu vya katuni za Batman mwaka 1993. Kwa mujibu wa hadithi yake, alikulia gerezani tangu utotoni, kwenye nchi ya kubuni iitwayo Santa Prisca, akitumikia kifungo cha baba yake. Humo humo akasoma kila kitabu alichoweza kukipata, akajenga mwili, akajifunza kuua. Alipofika Gotham, mji wa Batman, hakumkimbilia Batman. Alibomoa Arkham, kule wanakofungiwa wahalifu wenye wazimu, akawaachia wote mitaani, kisha akakaa pembeni anatazama. Usiku baada ya usiku Batman anawakimbiza, hali, halali, anazidi kuchakaa. Alipokuwa amebaki ganda tu, akamkuta Bane anamsubiri nyumbani kwake. Toleo namba 497: Bane anamnyanyua juu, anamshusha kwenye goti, mgongo unavunjika.

Sasa tazama vizuri alichokifanya pale Arkham, maana hoja yangu yote iko hapo. Wale waliotoroka hawakuwa wenzake. Hakugawana nao mji, hakukaa nao meza moja, hakumwomba yeyote ushauri. Aliwafungulia kama mtu anavyofungulia mbwa usiku, akaenda zake. Watu wengi walifanya kazi yake bila kujua kuwa wako kazini. Hilo mimi siliiti kuungana.

Haya, nenda mwaka 1997, sinema ya Batman & Robin. Mtu yule yule aliyemvunja Batman mgongo amekuwa dereva. Sitanii. Kavalishwa koti refu na kofia, anamwendesha mjini Poison Ivy, adui mwingine wa Batman, mwanamke wa mimea na sumu. Akili yake ya kusoma vitabu gerezani imefutwa, anaguna tu, na pale anapotamka kitu ni neno moja alilolisikia kwa mwingine sasa hivi. Mwishoni Batman yuko kwingine kabisa anahangaika na Mr. Freeze, adui wa barafu; Bane anaachiwa Robin na Batgirl, wasaidizi wa Batman, wanamchomoa mirija ya dawa inayomtia nguvu, ananywea kama puto. Basi. Ukienda kununua soda umemkosa.

Nikatize kidogo. Aliyeigiza Bane huyo, Jeep Swenson, alikuwa mcheza mieleka, na alifariki mwaka huo huo wa 1997. Mwaka mmoja kabla, mwezi Machi 1996, alikuwa kwenye kundi la wanamieleka 8 walioungana kummaliza Hulk Hogan, stelingi wa mieleka. Wanane, ndani ya vizimba vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine, dhidi ya Hogan na mwenzake Randy Savage peke yao. Walishindwa. Mtu mwenye mwili ule, ambao ukimwona tu unahama upande wa barabara, na mara zote mbili kazi aliyopewa ilikuwa ni kuongeza idadi.

Na katika sinema ile ile, Bane si yeye pekee aliyeharibiwa. Mr. Freeze alikuwa adui mzuri sana, na aliyemfanya awe mzuri ni mke wake. Katuni ya televisheni ya mwaka 1992 ndiyo iliyompa sababu hiyo: mwanasayansi ambaye mkewe Nora anaumwa, kamgandisha kwenye barafu asife, halafu mtu akaja kuwatenganisha. Hapo una adui ambaye ukimsikiliza vibaya unaweza kujikuta upande wake. Sinema inamweka huyu mtu na Poison Ivy. Ivy anachomoa mtambo wa Nora, anamwambia Freeze kuwa ni Batman aliyefanya, na kuanzia hapo hasira ya Freeze si mali yake tena. Anafukuzana na uongo wa mtu mwingine. Ukishamwona adui anatumwa, hata akigandisha mji mzima, wewe unajiuliza tu lini atagundua.

Mara ya pili kwa Bane ilikuwa 2012, The Dark Knight Rises, na hii iliniuma zaidi kwa sababu walianza vizuri. Bane wa Tom Hardy anapigana na Batman chini ya ardhi, bila muziki, mnasikia maji na ngumi tu. Anampasua barakoa, anamvunja mgongo, anamtupa kwenye shimo la gereza la mbali. Anauteka mji kwa miezi. Kwa zaidi ya saa mbili mimi niliamini nimerudishiwa yule wa mwaka 1993. Halafu karibu na mwisho anajitokeza Talia, mwanamke ambaye Batman alimwamini, anamchoma Batman kisu ubavuni, na tunaelezwa kuwa yule mtoto wa simulizi aliyepanda akatoka kwenye shimo lile, tuliyedhani ni Bane, alikuwa Talia. Mpango ni wa Talia. Kisasi ni cha kumlipizia baba yake Talia. Bane alikuwa mlinzi wake. Anadondosha chozi, na dakika chache baadaye Catwoman, mwizi aliyeamua kumsaidia Batman, anafika na pikipiki yenye mizinga, anampiga mara moja, kwisha habari. Hakupata hata mazishi ya kamera.

Kuna wanaoipenda sehemu ile. Wanasema chozi lile linamfanya awe binadamu. Ni kweli, huruma nilimwonea. Lakini woga niliokuwa nao tangu mwanzo niliurudisha mfukoni pale pale, maana mtu niliyekuwa namwogopa kumbe alikuwa anasubiri maelekezo.

Rafiki yangu mmoja, mbishi wa kuzaliwa, huniambia umoja ni nguvu: maadui wawili lazima watishe kuliko mmoja. Kwenye hesabu yuko sawa. Kwenye hadithi mambo ni tofauti, kwa sababu adui hatishi kwa uzito wa ngumi. Anatisha kwa kuwa hujui anataka nini na hujui ataishia wapi. Sasa mkalishe na mwenzake. Lazima amweleze anataka nini. Lazima wakubaliane mipaka, nani aanze, nani achukue kipi. Yale yote aliyokuwa amekuficha wewe mtazamaji yanatajwa mezani kama ajenda. Ameshakuwa mjumbe wa kikao, na sisi watu wa huku vikao tunavijua: mwenyekiti, katibu, mengineyo, posho. Hakuna aliyewahi kukosa usingizi kwa kumwogopa mjumbe.

Kama huamini, mtazame Joker, adui mwingine wa Batman, kwenye The Dark Knight ya 2008. Huyo naye alikubaliana na wakubwa wa magenge. Lakini sinema inafunguka kwa wizi wa benki ambao kila jambazi kaagizwa amuue mwenzake akishamaliza kazi yake, mpaka anabaki Joker peke yake na magunia ya hela. Baadaye anawarudishia wale wakubwa fedha zao, rundo linalofika karibu na dari, halafu anachoma fungu lake. Yaani aliingia kwenye ushirika huku nje ya ushirika. Wale wenzake walimwogopa kuliko Batman alivyomwogopa, na sisi tukiwatazama wao tunaogopa zaidi.

Wengine nawapitia haraka. Venom kwenye Spider-Man 3 ya mwaka 2007 anakutana kichochoroni na Sandman, adui mwenzake wa Spider-Man, wanaelewana ndani ya muda wa kuchemsha chai ya kikombe kimoja. Sandman mwenye mtoto mgonjwa, Venom mwenye chuki ya kuumbuliwa. Kila mmoja alistahili sinema yake, wakapewa moja ya dakika 139 na adui wa tatu juu. Kwenye katuni yenyewe huko nyuma, mwaka 1964, maadui 6 wa Spider-Man waliungana, halafu wakaamua wapigane naye kwa zamu, mmoja mmoja. Akawapiga mmoja mmoja. Banda letu lingecheka mpaka mabenchi yavunjike, ingawa na sisi tulizoea kuona stelingi kazungukwa na watu ishirini wanaosubiri zamu.

Na ugonjwa huu ni wa zamani kuliko hao wote. Kampuni ya sinema ya Universal ilipoona Dracula, yule mnyonya damu, peke yake hajazi tena majumba ya sinema, ikamtia kapu moja na kiumbe wa Frankenstein na mbwa-mwitu mtu, mwaka 1944. Dracula anauawa na jua mapema kabisa, wenzake hata hajakutana nao. Kufika 1948 wote walikuwa wanafukuzana na wachekeshaji wawili, Abbott na Costello. Watayarishaji kila wakihisi adui amechuja huongeza mwingine, kama mpishi anayemimina maji kwenye mchuzi wageni wakizidi.

Hadithi zetu za zamani zilikuwa na ubahili mzuri kwenye jambo hili. Ile ya Nunda mla watu, iliyosimuliwa Zanzibar na kuchapishwa na mmisionari Edward Steere mwaka 1870, ina adui mmoja: paka wa sultani aliyeanza na mifugo, akahamia kwa watu, na sultani anamtetea kwa sababu ni paka wake. Mwana mdogo wa sultani anatoka kumsaka, kila mara anarudi na mnyama mkubwa kuliko wa jana, anaimba kuwa kamuua Nunda, na mama yake anamjibu: mwanangu, siye. Wanyama wote wale wanapita, na Nunda hajaonekana bado, ila kila "siye" ya mama inamwongezea urefu.

Juzi nilimsimulia mpwa wangu, ana miaka 7. Kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuandika haya, nikamjaribu: nikamwingiza zimwi, nikasema Nunda alikwenda kwa zimwi usiku wakagawana mitaa. Mtoto akanikatiza.

"Mjomba, kwani Nunda peke yake hawezi?"

Nikatafuta la kumjibu. Nilipolipata alikuwa ameshalala.